Amelala Vizuri

"Saa 9 usiku: mtoto amelala vizuri, hana malalamiko." Maneno hayo yamo kwenye faili la mtoto ambaye saa nne baadaye alikuwa anapumua mara 38 kwa dakika, oksijeni ya damu imeshuka hadi asilimia 90, na eksirei yake ina kivuli kwenye pafu la kulia ambacho siku mbili nyuma hakikuwepo. Aliyeyaandika hakudanganya. Alipita na tochi, akaona macho yamefumbwa, akaandika alichokiona.

Mtoto mwenyewe ni wa kiume, miaka 7, kilo 22, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Nitamwita Babu, jina lake la utani nyumbani lilifanana na hilo, naye alilibeba kwa heshima zote. Mambo mawili matatu yanayomhusu nimeyabadilisha ili asitambulike. Ya kitabibu nimeyaacha yalivyokuwa, yakiwemo yale tuliyokosea. Mimi ndiye niliyeingia zamu asubuhi ile.

Akiwa mzima huwaje?

Kwa mtoto wa selimundu hili ndilo swali la kwanza, maana vipimo vyake si vya watoto wengine. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Za mtoto wa selimundu huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo hata akiwa anakimbia uwanjani damu yake iko chini. Babu akiwa mzima himoglobini yake, kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe, ni 7.8, oksijeni 96, anapumua mara 20 kwa dakika. Mama yake aliyajua haya kwa kichwa. Kwenye faili la kulazwa hayakuandikwa mpaka siku ya tatu, na hilo nalihesabu kuwa kosa la kwanza. Aliyesoma 93 usiku wa manane hakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Alikuwa kwenye haidroksiyurea tangu akiwa na miaka 3. Dawa hii huongeza himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo, na ambayo huzuia himoglobini ya selimundu isijiunge kuwa nyuzi ngumu zinazoipinda chembe. Wiki tano kabla ya kulazwa vidonge viliisha, miadi ya kliniki ikapita. Hakuna aliyewapigia simu kuuliza.

Alifika saa 2:10 asubuhi, amebebwa. Maumivu yalikuwa mapajani, kiunoni na kwenye mbavu za kulia, chini. Alama 8 kati ya 10. Joto 37.4. Mapafu yalisikika safi, na eksirei ilikuwa safi.

Mbavu hizo zingetushtua mapema. Paja likiuma, mtoto huacha kutembea. Mbavu zikiuma, huacha kuvuta pumzi ndefu, na mwenyewe hajui kwamba ameacha.

Dakika 75

Dozi ya kwanza ya mofini iliingia saa 3:25, dakika 75 baada ya kuvuka mlango. Miongozo ya selimundu inataka dawa ya maumivu makali itolewe ndani ya saa moja, na mingine inasema nusu saa. Haikuwa kwamba watu walikaa. Watatu walikuwa wameinamia mikono ya mtoto mmoja wakitafuta mshipa. Walimchoma mara tatu, ya nne ikapata.

Tuliufanya mshipa kuwa mlango pekee wa dawa. Mofini ya maji ya kunywa ilikuwepo kabatini, na kwa mtoto asiyetapika ingetangulia huku wengine wakiendelea kutafuta pa kuweka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa. Kuna wodi zinazotumia dawa ya kupuliza puani kwa dakika hizo za mwanzo, ambayo haihitaji mshipa hata kidogo.

Lakini dakika 75 siyo hasara kubwa ya asubuhi ile. Hasara kubwa ni somo alilolipata Babu: nikisema naumwa, wanakuja na sindano. Siku ya pili mchana kanula ikavimba, ikabidi iwekwe nyingine. Akachomwa mara mbili tena. Kufikia usiku wa manane kila aliyemuuliza alijibiwa neno moja tu: "Siumwi."

Sasa weka jibu hilo kando ya maagizo ya daktari: mofini mg 2.2 kwenye mshipa, kila baada ya saa 4, akihitaji. "Akihitaji" inamtaka mtoto aombe. Mtoto wa miaka 7 anayeogopa sindano haombi. Maagizo yalikuwa halali, dozi ilikuwa sahihi kwa uzito wake (mg 0.1 kwa kilo), na bado dawa haikumfikia.

Usiku wa pili

Nanukuu karatasi ya vipimo kama ilivyo. Saa 2 usiku: kupumua 24, oksijeni 96, maumivu 4. Mofini ya mwisho imetolewa saa 1:30. Saa 6 usiku: kupumua 24, oksijeni 94, maumivu 0. Saa 9: kupumua 24, oksijeni 93, maumivu 0, amelala vizuri. Saa 11 alfajiri: kupumua 24, oksijeni 92, maumivu 0, kibanio cha kupimia oksijeni kimehamishiwa kidole kingine, imesoma 93.

Ukiona kasi ya kupumua ni ileile mara nne mfululizo usiku kucha, hakuna aliyehesabu. Sisemi kwa ubaya; nami nimewahi kufanya hivyo, kuangalia kifua kwa sekunde tano na kuandika kilichoandikwa juu yake. Pumzi za mtoto huhesabiwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi, ukiangalia tumbo na kifua, kabla hujamgusa. Wodi ilikuwa na watoto 19 na wauguzi wawili. Dakika moja kwa kila mtoto ni dakika 19 za kusimama tu na kutazama, na kwa msimamizi anayepita hiyo ndiyo kazi inayoonekana kama uvivu.

Oksijeni nayo: 96, 94, 93, 92. Hakuna namba moja hapo ya kumfanya mtu akimbie. Zikiwekwa kwenye mstari, zinateremka ngazi. Muuguzi wa usiku alihamisha kibanio kwa sababu kidole kilikuwa cha baridi, jambo la busara, na 93 ikamtuliza.

Halafu zile sifuri za maumivu. Karatasi yetu ilikuwa na safu moja ya maumivu na haikuwa na mahali pa kuandika "amelala". Kila aliyekuta macho yamefumbwa aliandika 0. Saa 1 asubuhi, tulipokabidhiana, niliambiwa kwamba yule wa kitanda cha dirishani amepata usiku mzuri, hajahitaji hata dawa. Saa 11 na nusu bila mofini, wakati dozi ya mshipani haifiki mbali zaidi ya saa 3 au 4.

Nilimkuta amelala ubavu wa kulia, goti limekunjwa, kiganja kimebana mbavu za chini kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Macho yamefumbwa. Pua inapanuka kila pumzi. Pumzi zenyewe zilikuwa fupi, za juu kifuani, na mwisho wa kila moja kulikuwa na mguno mdogo usiosikika mpaka uinamishe sikio. Nilihesabu dakika nzima: 38. Paji la uso lilikuwa la moto.

Mama yake alikuwa kwenye kiti, khanga begani.

"Shikamoo, mama. Amelala saa ngapi?"

"Marahaba, sista. Hajalala," alisema. "Amefumba macho tu. Ukimwangalia kope utaona."

Nikaangalia kope. Zilikuwa zinatetemeka.

"Ulimwambia muuguzi?"

"Nilimwambia anaumwa. Akamuuliza mwenyewe, akasema haumwi."

Yaani tulikuwa na shahidi wawili: mama aliyemwona mtoto huyu katika kila shambulio tangu akiwa na miezi 9, na mtoto mwenye sababu nzuri ya kuficha. Tukamwamini mtoto, kwa sababu tumefundishwa kwamba maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa. Kanuni hiyo naikubali. Ila inamhusu mgonjwa ambaye kusema hakumgharimu kitu.

Kilichokuwa kinatokea kifuani

Mbavu zinauma, hivyo pumzi zinakuwa fupi. Pumzi fupi hazifikishi hewa chini ya mapafu, na vifuko vya hewa vya huko hujifunga kimoja kimoja. Damu inayopita hapo hairudi na oksijeni ya kutosha. Kwa mtoto mwingine hilo lingeishia kwenye kikohozi. Kwa Babu, himoglobini isiyo na oksijeni hujipanga nyuzi, chembe hupinda kama mundu, mishipa midogo ya pafu huziba, na oksijeni hushuka zaidi. Ndipo chembe nyingi zaidi hupinda. Hali hiyo huitwa sindromu kali ya kifua, na ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi wagonjwa wa selimundu.

Mara nyingi haimleti mtoto hospitalini. Humkuta humo humo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliofuatilia matukio 671 kwa wagonjwa 538, ulionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa wamelazwa kwa sababu nyingine, aghalabu maumivu, na kifua kikaharibika wastani wa siku 2.5 baada ya kulazwa. Babu alikuwa na saa 47 wodini. Kwa hiyo usiku wa pili na wa tatu wa mtoto aliyeletwa na maumivu ndio wa kukaa macho, na ndio hasa tunaoulegeza, kwa kuwa kelele za siku ya kwanza zimeisha.

Kulikuwa na jambo la pili lililoongeza uzito, kwa maana halisi ya neno. Daktari aliagiza dripu mara moja na nusu ya mahitaji. Kwa kilo 22, mahitaji ya siku ni ml 1,540: ml 1,000 kwa kilo 10 za kwanza, 500 kwa 10 za pili, 40 kwa mbili zilizobaki. Mara moja na nusu ni ml 96 kwa saa. Juu ya hapo mama alimnywesha kikombe baada ya kikombe, kwa sababu kila kliniki humwambia mtoto anywe maji sana. Vikombe havikuandikwa popote. Nilipokaa naye kuvihesabu, siku ya kwanza ilipata ml 800 za mdomoni. Jumla ni zaidi ya ml 3,100, mara mbili ya anachohitaji. Nilimpima uzito asubuhi ile: kilo 23.1. Kilo 1.1 ndani ya siku mbili haikuwa ya kunenepa.

Maji humsaidia mtoto aliyekauka. Aliyekwisha kujaa humlowesha mapafu. Siijui sehemu nyingine ya matunzo ya selimundu ambayo nia njema inadhuru kirahisi namna hii.

Hofu ya mofini

Daktari wa zamu alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa kama mofini ndiyo iliyoshusha oksijeni, na kama tuisitishe kabisa. Swali la haki. Ndilo pia lililomzuia muuguzi wa usiku. Baadaye alinieleza kwamba alipoona 93 aliona heri asimpe kitu cha kumlegeza.

Mofini ikizidi, mtoto husinzia kwanza, na kumwamsha huwa kazi. Kisha hupumua polepole, mara 10, mara 8. Mboni za macho hunywea kama tundu la sindano. Babu alikuwa anapumua 38, macho yanafumbuka ukimgusa bega, mboni za kawaida. Kasi ya 38 haiji kwa mofini. Na dozi ya mwisho ilishatoka mwilini zamani.

Tulimpa mg 2.2 polepole kupitia kanula iliyokuwepo, naloksoni, dawa ya kuizima mofini ikizidi, ikiwa karibu, nami nikabaki kitandani. Baada ya dakika 20 kiganja kiliachia mbavu. Pumzi zilishuka hadi 30 na kila moja ikawa ndefu zaidi. Oksijeni ikapanda kwa alama mbili bila mtu kugusa mashine. Dawa inayoogopwa kwamba inazima pumzi ndiyo iliyoirudisha. Sisemi mofini haina hatari. Ikitolewa, mtoto anapimwa usingizi na kasi ya kupumua, tena na mtu anayehesabu kweli.

Mengine yalikwenda haraka. Oksijeni kwa mipira ya puani, lengo 95 au zaidi. Eksirei: kivuli kipya chini ya pafu la kulia. Joto 38.7. Damu ya kuotesha vijidudu ikachukuliwa kwanza, kisha antibiotiki mbili, seftriaksoni na azithromaisini, kwa kuwa sindromu hii mara nyingi huja na maambukizi, na mtoto ambaye wengu wake ulishadhoofika tangu utotoni hasubiriwi majibu ya maabara. Dripu ikapunguzwa ili jumla ya kila kinachoingia, vikombe na dawa zikiwemo, isizidi ml 64 kwa saa. Himoglobini: 6.1.

Damu

Kutoka 7.8 hadi 6.1, na oksijeni inasuasua, daktari aliamua aongezewe damu. Chembe nyekundu, ml 10 kwa kilo: ml 220 kwa saa 4, yaani ml 55 kwa saa, na muda wote huo dripu imefungwa ili damu yenyewe ihesabike ndani ya ile 64. Benki ya damu iliambiwa ni selimundu, kwa hiyo walilinganisha zaidi ya kundi na Rh ya kawaida: walitazama pia C, E na Kell, alama nyingine zilizo juu ya chembe nyekundu. Watoto hawa huongezewa damu mara nyingi maishani, na kila damu isiyolingana huwafundisha miili yao kuikataa inayofuata.

Hapa kuna mtego ambao sikuuona kwenye kitabu chochote nilichosomea. Dalili za damu kukataliwa ni homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, mkojo mweusi. Babu tayari ana homa. Tayari ana maumivu ya kiuno. Utajuaje?

Nilichofanya ni kuchora mstari kabla ya kuanza. Joto saa 6:35 mchana, baada ya parasetamoli, 38.1. Nilimwomba anionyeshe kwa kidole mahali panapouma na aniambie namba. Nikaandika: kiuno kulia 3, mbavu kulia 4, mapaja 2. Mkojo wa mwisho: rangi ya chai hafifu, na kwa watoto hawa hiyo ni kawaida. Hapo ndipo tukawa na pa kulinganishia: joto likipanda digrii moja juu ya 38.1, maumivu yakiruka au yakihamia mahali papya, mkojo ukibadilika kuliko ule, tunafunga. Wauguzi wawili tulisoma jina na namba kwenye mkanda wa mkono na kwenye mfuko, kwa sauti, mtoto mwenyewe akitaja jina lake. Damu ikaanza saa 6:40 na dakika 15 za kwanza sikuondoka. Aliniuliza damu ni ya nani. Nikamwambia ya mtu aliyekuwa nayo ya kutosha. Akauliza kama mtu huyo anaijua njia ya kwenda mapafuni kwake.

Ilimalizika saa 10:40 jioni bila tatizo. Kesho yake himoglobini ilikuwa 8.7, na tukaishia hapo. Kwa selimundu hatukimbilii kumfikisha mtoto kwenye damu ya watu wengine. Ikipita 10 damu huwa nzito, na mishipa iliyokuwa inaziba kwa chembe zilizopinda huanza kuelemewa na wingi wake.

Vipira vitatu

Pafu lililojifunga halifunguliwi na dawa. Linafunguliwa na pumzi ndefu, na pumzi ndefu haziagizwi na daktari. Anazipata mtoto akiwa na mtu wa kukaa naye. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa wa selimundu wenye maumivu ya kifua au mgongo: kundi moja livute pumzi 10 za nguvu kwa kifaa chenye vipira vinavyonyanyuka ukivuta pumzi, kila baada ya saa 2 wakiwa macho, na jingine lisifanye hivyo. Mapafu yaliharibika mara 1 kati ya mara 19 za kulazwa katika kundi la vipira, na mara 8 kati ya 19 katika lile jingine. Utafiti ulikuwa mdogo, na wagonjwa walikuwa wa miaka 8 hadi 21. Babu alikuwa na 7. Hatukungoja atimize.

Kifaa kilikuwa kabatini tangu siku aliyolazwa.

Watu huwapa watoto mapovu ya sabuni na vipepeo vya kupuliza, na ni vizuri, ila wauguzi wengi wanakosea mahali pamoja: wanasifu kupuliza. Kinachofungua pafu ni ile pumzi anayoivuta kabla hajapuliza. Mapovu yasimpotezee lengo; mwambie avute, ashikilie, uhesabu moja mbili tatu, ndipo apulize.

Tulipanga mazoezi nusu saa baada ya mofini, yaani wakati mbavu zimelegea. Mara ya kwanza alinyanyua kipira kimoja na kulia. Jioni viwili. Mama yake akachukua kifaa cha mazoezi cha wodi na kushindana naye, na akashindwa kwa makusudi mpaka siku ya nne, aliposhindwa kweli.

Kuzungumza na aliyenyamaza

Kazi ngumu kuliko damu ilikuwa kumfanya aseme. Nilimletea kadi ya nyuso sita, kutoka anayetabasamu hadi anayelia. Aliitazama, akaweka kidole juu ya uso wa tano, halafu akakiondoa haraka.

"Huyu?"

"Sitaki sindano."

"Dawa ya huyu ni ya kunywa. Kuna hii hapa, naiweka kwenye kijiko mbele yako. Mkono siugusi."

"Ukigusa?"

"Nikigusa, unaniambia sista ni mwongo, na wodi nzima isikie."

Alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Kisha akarudisha kidole kwenye uso wa tano.

Kuanzia hapo mofini ilibadilishwa ikawa ya kunywa, mg 5 kila saa 4, usiku na mchana, kwa kufuata saa na bila kungoja ombi, na parasetamoli mg 330 kila saa 6. Ile ya mshipani ilibaki ya akiba. Dawa ya kulainisha choo iliandikwa siku hiyohiyo. Mtoto mwenye choo kigumu hujibana tumbo, na tumbo lililobana halimpi pafu nafasi. Saa ya kumwamsha usiku kwa dozi ilikuwa pia saa ya kuhesabu pumzi.

Oksijeni ya puani iliondolewa siku ya tano. Alitoka siku ya nane akiwa na 96, pumzi 22, haidroksiyurea imeanza tena na tarehe ya kupima damu imeandikwa. Mama yake tulimfundisha joto la kumrudisha, 38.5, na namna ya kuupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto. La wengu alikuwa analijua. Alimwonyesha muuguzi mwanafunzi.

Kikao cha baadaye

Tulipojadili kisa, kulikuwa na waliotaka jina la muuguzi wa usiku liandikwe. Nilikataa, na bado nakataa. Maagizo ya "akihitaji" hakuyaandika yeye. Safu isiyo na mahali pa usingizi hakuichora yeye. Vipimo vya mtoto akiwa mzima havikuwa kwenye faili alilokabidhiwa. Alikuwa na watoto 19 na mwenzake mmoja. Alichokosa yeye ni kuhesabu pumzi, na kumsikiliza mama. Hayo aliyasema mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Tulibadilisha vitu vichache. Aliyelala anaandikwa L, na 0 ni ya aliyejibu akiwa macho. Mofini ya mtoto wa selimundu kwa saa 48 za mwanzo ni ya saa maalumu. Vikombe vinaandikwa, uzito unapimwa kila asubuhi, kifaa cha vipira kinakwenda kitandani pamoja na shuka. Na juu ya karatasi ya vipimo kuna mstari usemao "akiwa mzima", unaojazwa na mzazi. Kubwa tulilopendekeza, muuguzi wa tatu wa usiku, halijapatikana.

Miezi minne baadaye Babu alirudi, safari hii ni magoti. Dawa ya kwanza, ya kunywa, aliipata dakika 35 baada ya kufika. Usiku wa pili zamu ilikuwa ya muuguzi yuleyule. Asubuhi nilisoma karatasi: "Saa 9 usiku: L. Pumzi 22, zimehesabiwa. Oksijeni 95. Mama anasema hajalala. Nimemgusa bega, amefumbua macho, amesema sita. Amepewa dawa ya kunywa. Saa 10: L, na mama naye amelala."